Mita Yangu Inaanzia Puani

Jumatatu, tarehe 2 Aprili 2001

Nimechumbia! Au karibu. Nimeruhusiwa kuchumbia, na hiyo ni nusu ya safari.

Mimi Zorobabel, muuza vikwembe, yaani vitenge, katika soko la Butembo, leo nimepanda mlima hadi kwa mzee Kahongya, upande wa barabara ya Beni, nimevaa suruali yangu ya Krismasi, viatu vinang'aa mafuta ya mawese. Nikamwomba binti yake Nadège. Nadège alikuwa jikoni anachagua maharage, anacheka. Anacheka kwa mdomo mzima, yule msichana! Nikasahau nusu ya maneno niliyopanga.

Mzee akanisikiliza hadi mwisho. Akasema kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na kwake ni mbuzi kumi na wawili. Moyo ukaanguka. Lakini akaendelea! Akasema mbuzi watatoka wapi? Wiki jana askari wa kizuizi cha barabarani walipita nyumba kwa nyumba wakabeba mbuzi wote wa mlima, wamewafunga kule ng'ambo ya bonde, ati chakula cha Pasaka. Hakuna anayethubutu kuwafuata. Donc, kwa hiyo, yeye hawezi kudai kitu ambacho hakipo duniani. Zamani za babu zake, kijana aliyekosa mbuzi alileta nyama ya pori. Mbuluku mmoja, swala mdogo wa msitu, basi. Lakini ampige kwa mshale wake mwenyewe. Mtego hapana. Bunduki hapana kabisa: ikilia mara moja tu, askari wote wa Beni watakuja kuuliza nani ameiliza.

Nyama iwe kwenye chungu siku ya Pasaka, shangazi Marie-Jeanne atakapofika kutoka Masereka, kwa sababu bila shangazi hakuna ndoa. Nikikosa, basi. Atakayeleta ndiye atakayepewa.

Kwa nini alisema "atakayeleta"? Kwa sababu mwalimu Urbain naye ameomba! Yule Mkasai wa shule ya msingi, mwenye miwani, ambaye serikali ilimleta huku ikamsahau na mshahara wake. Alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri. Akanisalimu vizuri sana. Simpendi.

Jumanne, tarehe 3 Aprili

Nimefunga duka. Nalala kwa mzee, katika kibanda cha mahindi, pamoja na panya.

Tumejenga ulingo! Juu ya mkuyu mkubwa nyuma ya shamba, mahali mbuluku wanapokuja kula kuyu zinazoanguka. Vijiti, kamba, majani. Nikipanda pale naona hadi mgongo wa kilima. Ng'ambo yake kuna kijito, sikioni.

Mchana tukafanya mazoezi chini, kwenye uwanja wa shule. Urbain alileta kamba yake ya shule yenye mafundo ya mita. Shina la mgomba likawekwa mita ishirini. Mzee akaonyesha: kwa mita ishirini, lenga kiganja kimoja juu ya mgongo wa mnyama, maana mshale huanguka njiani. Nikavuta. Nikaachia. TAF! Katikati ya mgomba! Nadège akapiga makofi. Urbain naye akapiga makofi, mnafiki.

Mzee akanivuta pembeni. Akasema chini ni chini, juu ni habari nyingine. Ukiwa juu ya mti, "hesabia ku shina, hapana ku pua yako." Yaani nihesabu ardhi tu, kutoka mguu wa mti hadi mguu wa mnyama.

Nikamwambia aksanti papa, kwa heshima yote. Wazee! Mshale unatoka kwangu au unatoka kwenye shina? Shina linashika upinde?

Alhamisi, tarehe 5 Aprili

Urbain amechora pembetatu kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Mti huku, mbuluku kule, mstari mrefu umelala katikati. Akasema ule mstari mrefu ni mdanganyifu, mshale huvutwa chini kwa kadiri ya ardhi unayoruka tu, donc anayelenga kwa kufuata mstari mrefu atapiga juu. Sawasawa na mzee, ila kwa mkaa. Nadège aliangalia ule mchoro muda mrefu kuliko unavyostahili.

Nikasema pembetatu haijawahi kuliwa na mtu. Watu wakacheka. Bao langu!

Mimi nina mkono. Tangu nimeanza soko napima vikwembe kwa mkono: ncha ya pua hadi ncha ya kidole, mita moja. Sina haja ya kamba ya shule. Nikachukua kamba ya mbuzi (kamba tunazo, mbuzi hatuna), nikaifunga mafundo kwa mkono wangu. Nikapanda ulingoni, nikashika mwanzo wa kamba hapa puani, Nadège akavuta mwisho hadi chini. Kila alipofika nikamwambia afunge kitambaa chekundu kwenye tawi. Hapa kumi. Hapa kumi na tano. Pale ishirini. Nilikata robota zima la kikwembe chekundu ambacho hakikutaka kununuliwa. Mnyama akisimama kwenye kitambaa, najua umbali. Nani amewahi kufikiri hivyo? Mimi!

Nadège alisimama kwenye ishirini akaangalia shina la mti, akaangalia kamba, akacheka tena. Akasema, Zoro, mkono wako mbona mfupi. Nikamweleza kwamba mkono wa mfanyabiashara ndiyo sheria ya soko. Akasema ndiyo maana libaya, ile blauzi ya shangazi Marie-Jeanne, inaishia juu ya kitovu.

Ile libaya! Mwaka jana nilimuuzia kitambaa. Alilalamika. Nilimwambia ni mvua ya Masereka inayopunguza nguo. Natumaini amesahau.

Jumamosi, tarehe 7 Aprili

AMEKUJA! Asubuhi, ukungu bado, mbuluku dume na pembe zake fupi, akasimama juu kabisa ya kitambaa cha ishirini. Kama mteja aliyeitwa. Kiganja kimoja juu ya mgongo, kama nilivyofundishwa. Nikaachia.

Mshale ukapita juu yake. Juu! Ukaingia kwenye matete. Mbuluku akainua kichwa, akala kuyu moja zaidi, akaondoka bila haraka. Dharau ile!

Nimefikiri siku nzima. Si kosa langu. Mbuluku aliinama.

Mchana ikawa zamu ya Urbain. Alipanda taratibu, akafuta miwani, akakaa. Hakuona kwamba siafu nao walikuwa wakipanda. Eh, Mungu wangu! Mwalimu alishuka bila kugusa tawi hata moja. Alikimbia uwanjani akivua shati, batoto ba shule nyuma yake wakipiga mayowe. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Nadège alimpaka majani ya dawa mgongoni, na hapo nikaacha kucheka.

Jumapili ya Matawi, tarehe 8 Aprili

Misa ndefu. Nimeomba mambo matatu, yote ni Nadège.

Baada ya misa wamama wakanizunguka. Wameona vitambaa vyekundu msituni. Wakasema ile ni alama ya Mai-Mai, wapiganaji wa msituni, wameweka dawa yao pale, mutu akivuka anakauka. Hakuna tena anayekwenda kuokota kuni upande ule. Nikataka kueleza, halafu nikafikiri: hakuna watu, hakuna kelele, mbuluku watatulia. Nikanyamaza kama mtakatifu!

Mzee hakufurahi. Akasema wakati wa vita, hata suruali kwenye kamba inasomwa. Niondoe vitambaa kabla askari hawajaviona. Nikasema ndiyo papa.

Jioni nikaongeza vingine.

Jumatano, tarehe 11 Aprili

Nimekosa tena. Mbuluku yuleyule, namjua kwa dharau yake. Kitambaa cha ishirini, mshale juu, matete.

Lakini sasa nimeelewa! Nimekaa juu ya ulingo, kuyu moja ikaniangukia kichwani, na akili ikafunguka. Mshale ulipita juu yake kwa sababu gani? Kwa sababu ulikuwa bado haujaanza kushuka. Na kwa nini haujaanza kushuka? Kwa sababu safari bado ndefu! Donc mbuluku yuko mbali kuliko ninavyodhani. Donc lazima nilenge juu zaidi. Ni wazi kama mchana.

Nilimweleza Urbain, kwa huruma tu, ili naye apate kujifunza. Akavua miwani. Akaivaa. Akasema, Zorobabel, kaka yangu, nakuomba urudie. Nikarudia. Akaenda kukaa kivulini. Amezidiwa.

Nadège ameniletea bugali na sombe, majani ya muhogo, chini ya mti. Akasema wazi kwamba baba yake hatanii, na Pasaka ni Jumapili hii. Akaniuliza kama kweli namtaka au nataka tu kumshinda mwalimu. Nikasema namtaka. Nilisema hivyohivyo, bila utani. Akaangalia chini. Akasema basi hesabia ku shina, nakuomba. Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa kila kitu.

Jioni nikafunga kitambaa kingine, na nikaamua: viganja vitano juu ya mgongo.

Ijumaa Kuu, tarehe 13 Aprili

Ngoja nianze mwanzo.

Asubuhi ulingoni. Tumbo tupu, maana ni siku ya kufunga. Mara nikamwona! Dume langu, ishirini kamili. Nikakumbuka ni Ijumaa Kuu. Dhambi? Nikajibizana na nafsi yangu kwa kunong'ona. Kula nyama leo ni dhambi. Kuua si kula. Nyama ni ya Jumapili. Mbuluku akasubiri tumalize.

Viganja vitano. Nikavuta hadi uzi ukagusa sikio, upinde ukainuka nao. Nikaachia.

Yesu Maria! Mshale ule haukupita juu ya mbuluku, ulipita juu ya kilima! Niliuona ukipanda, ukang'aa kidogo juani, ukazama ng'ambo, kwenye kijito. Nikasema, bien, wa tatu huo umepotea.

Halafu nikasikia kelele. Sauti za wanaume. "Mai-Mai! Bako hapa! Mai-Mai!" Halafu bunduki, hewani, ta-ta-ta-ta! Kumbe askari wa kizuizi walikuwa wanahama na mbuzi kuelekea Beni, wamepumzika kijitoni, wanapika. Mshale wangu umewaangukia!

Wakaja mbio juu ya kilima, upande wangu. Mimi ulingoni, nimekumbatia mti kwa miguu na mikono, nasema Salamu Maria na kuchanganya na Baba Yetu. Wakafika kwenye vitambaa. Wa mbele akasimama ghafla, wa nyuma wakamgonga. Wakaangalia kimoja. Wakaona kingine. Wakaona vyote, vyekundu, kila tawi, vinapepea. Mmoja akasema kwa Lingala neno ambalo sitaliandika siku ya Ijumaa Kuu. Wakageuka. Sijawahi kuona watu wenye silaha wakikimbia vile! Mmoja aliacha buti zake zote mbili, hadi sasa sijui alizivuaje.

Kimya. Kimya kirefu. Nikaanza kufikiri nimekufa.

Halafu: meeeee.

Nadège ndiye aliyefika wa kwanza, anakimbia, analia, anaita jina langu. Alilia kwa ajili yangu! Nikashuka, yaani nikaanguka. Akanipiga kofi, halafu akanikumbatia, halafu akakumbuka mzee yuko nyuma yake akaniachia.

Tukavuka kilima pamoja na watu wote wa mlima. Kijitoni mbuzi wamesimama, wote, wanakula majani kana kwamba hakuna vita. Na katikati, juu ya mafiga, sufuria ya askari. Maharage matupu, kwa sababu hata wao ni Wakatoliki. Na mshale wangu umesimama ndani ya maharage, wima!

Jumamosi, tarehe 14 Aprili

Mimi ni shujaa. Naandika tena: mimi ni shujaa.

Kila mtu amechukua mbuzi wake. Wamama wameniimbia. Nimepewa kasiksi katika kila nyumba, na pombe ile ya ndizi haina huruma. Watu wanasema askari wameapa hawatakanyaga tena mlima huu, umejaa Mai-Mai. Na Mai-Mai wote ni mimi! Mzee Kahongya ameniita "mwana wangu" mbele ya watu. Mwana wangu! Ameuliza kama nimekula.

Urbain alikuja kunishika mkono. Alikuwa amepima kwa kamba yake, kutoka shina la mkuyu hadi sufuria. Akasema ni ajabu, hajawahi kuona kosa kubwa namna ile. Nikamwambia siri ni mkono. Akaandika.

Mbuluku sina, ni kweli. Kesho ni Pasaka. Lakini nani atauliza mbuluku sasa? Nimerudisha mbuzi wa mlima mzima! Nadège ameniangalia kutoka mlangoni. Nimelala na viatu.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 15 Aprili

Kristo amefufuka. Mimi bado.

Shangazi Marie-Jeanne amefika kutoka Masereka. Amevaa ile libaya. Amekaa mbele kabisa, na kitovu chake kikinitazama wakati wote wa kikao.

Mzee akasimama. Akanishukuru vizuri, kwa maneno marefu, wazee wakaitikia. Akasema Mungu amemtumia Zorobabel. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Halafu akasema: nilimwambia huyu kijana alete mbuluku kwa sababu mbuzi hawakuwepo mlimani. Sasa wapo. Vita viliondoa mahari, Mungu ameirudisha. Donc kumi na wawili, kama desturi.

Nikasema, papa, ni mimi niliyewarudisha! Akasema ndiyo, mwanangu, na ndiyo maana tunakushukuru. Je, ungependa watu waseme binti ya Kahongya alikwenda bure, na mbuzi wanalia kila upande? Wazee wakasema hapana, hapana. Nadège mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa! Ana fahari, Nadège. Hataki kwenda bure.

Hapo shangazi akaomba neno.

Akaniomba nimpimie mita kumi. Hivi hivi, kwa mkono, kamba ya mbuzi ile. Ningefanya nini, mbele ya wazee? Nikapima, pua hadi kidole, mara kumi. Akamwita Urbain na kamba ya shule. Wakazilaza chini pamoja.

Sitaandika tofauti. Mtoto angeweza kulala katikati. Watu walicheka hadi mzee mmoja akatolewa nje kupumua. Shangazi hakucheka. Akasema kumi na wawili ni wa ukoo, na wa kumi na tatu ni wa libaya. Ikapitishwa.

Urbain naye akaambiwa kumi na wawili. Akakaa chini akahesabu mshahara wake usiokuja. Akasema kwa upole kwamba anajitoa, maana kwa hesabu yake mahari ingelipwa na wajukuu wake. Akanitakia heri. Huenda si mtu mbaya.

Tulipotoka Nadège akanisindikiza hadi mwisho wa shamba. Nikamwambia nina aibu. Akasema bora uwe na aibu kuliko uwe na pembetatu. Akasema atanisubiri. Si milele, akasema, hadi Pasaka nyingine, lakini atanisubiri, kwa sababu tangu vita vianze hakuna mtu aliyemchekesha hivi. Akanishika mkono, ule mkono mfupi. Akasema jambo moja tu anataka kutoka kwangu. Nihesabie ku shina.

Nimeapa. Nimeapa kwa Msalaba. Moyo wangu umejaa kabisa.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 16 Aprili

Mpango mpya! Usiku sikulala, ulikuja wote kwa mara moja.

Kwaresima imekwisha, watu wana hamu ya nyama, lakini hakuna anayetaka kuchinja mbuzi aliyemkosa wiki mbili. Majirani watatu wamekwisha kukubali: mbuluku mmoja mkubwa, wampe Zorobabel mbuzi mmoja mdogo. Donc mbuluku kumi na watatu, mbuzi kumi na watatu, harusi kabla ya mavuno! Mzee amesema sawa, mradi mimi nishinde juu ya mti na si jikoni kwake.

Nimechunguza pia kwa nini nilikosa. Nimechunguza kwa uaminifu, kwa sababu nimeapa. Kosa lilikuwa la mti. Mkuyu ni mfupi. Ukiwa chini vile, macho hayapati nafasi ya kupima.

Donc nimehamia kwenye mti wa msanduku ulio karibu na kijito, mrefu kuliko mnara wa kanisa. Ulingo mpya, kikwembe kipya, cha njano safari hii, ili pasiwe na maneno. Naandika haya nikiwa juu. Beni yote naiona! Mwanzo wa kamba uko hapa puani. Nadège yuko kule chini, ameshika mwisho wake, mdogo kama kuku, anavuta.

Nimemwambia hapo alipo ni ishirini. Amesimama, ameangalia juu, amepiga kelele kitu fulani kuhusu shina. Sijasikia vizuri. Niko juu sana.